Moshi wa Njia Panda: Kuni, Makaa na Shaba katika Hewa ya Kamina

Mji wa Kamina, ambao ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haukujengwa juu ya mgodi wala kuzunguka tanuri la shaba, na kwa sababu hiyo husahaulika kila inapoandikwa historia ya uchafuzi wa hewa Katanga, historia ambayo kwa desturi huanzia Lubumbashi, hupitia Likasi na kuishia Kolwezi. Lakini Kamina ni njia panda ya reli, mahali ambapo njia itokayo kusini kwenye madini hugawanyika, moja ikielekea Ilebo kwenye mto Kasai na nyingine ikielekea Kabalo na Ziwa Tanganyika, na tangu miaka ya 1920 sehemu kubwa ya vitu vilivyochomwa ili shaba ichimbwe, iyeyushwe na kufikishwa baharini ilichomwa ama ndani ya mji huu ama katika miji iliyofungamana nao kwa reli. Hewa ya Kamina kwa hiyo ina historia yake, tena ya kikemia, kwa kuwa nishati iliyouendesha uchumi wa Katanga ilibadilika mara kadhaa, kutoka kuni hadi makaa ya mawe na kutoka makaa ya mawe hadi umeme na dizeli, na kila badiliko lilibadilisha vitu vilivyoelea juu ya paa za wakazi. Mabadiliko hayo yote yaliamuliwa kwa kufuata mahitaji ya madini, na jiko la mkazi wa kawaida halikuhesabiwa katika hata moja kati yake.

Wanasayansi wanapotaja chembe za hewani humaanisha vipande vidogo vya vitu vigumu pamoja na matone madogo ya majimaji, vyepesi kiasi cha kuelea kwa saa, siku au hata wiki kadhaa kabla ya kutua. Zile ambazo kipenyo chake hakizidi maikromita 10, yaani sehemu ya mia ya milimita moja, hupenya puani na kooni. Zile zisizozidi maikromita 2.5, ambazo ni nyembamba kuliko unywele wa binadamu mara ishirini au zaidi, hufika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na ndogo kabisa miongoni mwake huweza kuingia katika damu. Hata hivyo ukubwa hauelezi chembe imetoka wapi. Ili kulijua hilo, hewa hupitishwa kwenye karatasi ya kuchujia kwa muda maalumu, karatasi hupimwa uzito kabla na baada, kisha vilivyonaswa huchunguzwa, kwa mfano kwa mionzi ya eksi ambayo huifanya kila elementi itoe mionzi yake yenyewe na hivyo kujitambulisha. Silikoni, alumini na chuma vikionekana pamoja huelekeza kwenye udongo. Potasiamu ikiandamana na kaboni huelekeza kwenye mimea iliyochomwa. Na zinki, risasi, kadimi na aseniki vikikutana katika chembe ndogo sana huelekeza kwenye tanuri la metali. Chembe hizo, tofauti na nyaraka za makampuni, hazikuandikwa na mtu aliyekuwa na faida ya kulinda.

Moshi wa viwanda ulitanguliwa na moshi wa wahunzi. Nchi ya Waluba, ambayo Haut-Lomami ni sehemu yake kubwa, ilikuwa nchi ya chuma kwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Wabelgiji kufika. Makaburi ya Sanga kando ya Ziwa Kisale, yaliyofukuliwa na Jacques Nenquin mwaka 1957 na Jean Hiernaux mwaka 1958, na ambayo mfuatano wa nyakati zake ulipangwa baadaye na Pierre de Maret, yalitoa zana za chuma na mapambo ya shaba vilivyofanyizwa kwa ustadi ambao hauwezi kuwa wa mwanagenzi, na historia simulizi ya Waluba yenyewe huunganisha kuinuka kwa ufalme wa Kalala Ilunga na ujio wa uhunzi bora. Ili kupata chuma, mhunzi alipanga mawe yenye madini pamoja na makaa ya miti ndani ya tanuri la udongo, akavukuta hewa kwa mivukuto, na makaa yakiungua kwa hewa haba yakatoa monoksidi ya kaboni, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huinyang'anya oksijeni oksidi ya chuma na kuacha chuma chenyewe. Uchafu wa mawe uliyeyuka na kutiririka kando kama mavi ya chuma, ambayo kwa sehemu kubwa ni mchanganyiko wa chuma na silika. Kilichopanda hewani kilikuwa hasa kaboni, majivu mepesi yenye potasiamu na kalsiamu ya mti, na vumbi dogo la chuma.

Kusini zaidi, kwenye nchi ya Wasanga na Wayeke, kazi ya shaba ilifuata kanuni hiyohiyo, na maelezo yake yaliyokusanywa na mmisionari Jean-Félix de Hemptinne, aliyeyachapisha mwaka 1926, yamelifanya jina la "wala shaba wa Katanga" kujulikana hadi leo. Kazi hiyo ilifanyika kiangazi, mashamba yakiwa yamevunwa, kwa matanuri yaliyojengwa kwa udongo wa vichuguu vya mchwa, udongo ambao hustahimili moto mkali na ambao mpaka sasa watu wa Katanga huufyatulia matofali. Jambo la kikemia ambalo lina uzito mkubwa katika kisa hiki ni aina ya jiwe walilochagua mafundi hao, yaani malakiti, jiwe la kijani kibichi lililo karibu na uso wa ardhi, ambalo ni muungano wa shaba, kaboni, oksijeni na maji. Jiwe hilo likipashwa moto hutoa hewa ya ukaa na mvuke, na hubaki oksidi ya shaba, ambayo makaa huigeuza kuwa shaba. Ndani yake hamna salfa ya kuzungumzia. Kwa hiyo tasnia ya kale ya shaba, ingawa iliteketeza miti mingi, haikumwaga asidi hewani, na moshi wake ulifanana mno na moshi wa pori lililowaka.

Nalo pori liliwaka kila mwaka, na bado huwaka. Misitu ya miyombo inayoizunguka Kamina, yenye miti ya jamii za Brachystegia na Julbernardia na nyasi ndefu chini yake, hukauka kuanzia mwezi Mei, na moto huwashwa na wakulima wanaosafisha mashamba, wawindaji na wafugaji, kwa sababu ambazo kila mmoja wao huzijua vyema. Kusini mwa Kongo, pamoja na Angola na Zambia, huwa kati ya Juni na Agosti miongoni mwa maeneo yanayowaka kwa wingi zaidi duniani, kabla ya moto kuhamia kusini-mashariki kuelekea Msumbiji na Tanzania mwezi Septemba na Oktoba. Kampeni kubwa za kisayansi zilizoitwa SAFARI, ya kwanza mwaka 1992 na ya pili mwaka 2000, zilichunguza moshi huo kwa ndege na kwa vituo vya ardhini, kimojawapo kikiwa Mongu, magharibi mwa Zambia, na zikaonyesha kwamba moshi hubadilika kadiri unavyosafiri. Moshi mchanga, uliotoka motoni muda huohuo, huwa na chembe za kloridi ya potasiamu; baada ya saa chache klorini huondolewa na asidi zilizomo hewani, na chembe zilezile hugeuka kuwa salfeti na naitreti ya potasiamu, ambazo huvuta maji kwa njia tofauti na hukaa hewani muda mrefu. Pamoja nazo huwamo kaboni nyeusi, yaani masizi yanayomeza mwanga wa jua, na kampaundi nyingi za kikaboni, ikiwemo levoglukosani, aina ya sukari inayozaliwa pale selulosi ya mmea inapochomwa, ambayo haipatikani katika moshi wa dizeli na kwa hiyo huwasaidia wakemia kutofautisha pori na barabara. Kati ya mwaka 2016 na 2018 ndege za utafiti za Marekani, katika mradi ulioitwa ORACLES, ziliufuata moshi wa bara hili hadi juu ya mawingu ya bahari ya Atlantiki. Mkazi wa Kamina anayeliona jua la Julai likizama jekundu mapema kabla ya kuufikia upeo wa macho huwa analitazama kupitia tabaka hilo, na babu wa babu zake walilitazama vivyo hivyo.

Badiliko la kwanza kubwa lililetwa na reli. Mwaka 1906 zilianzishwa kampuni mbili ambazo historia ya Katanga haiwezi kusimuliwa bila kuzitaja, Union Minière du Haut-Katanga ya uchimbaji na kampuni ya reli ya Bas-Congo hadi Katanga, iliyojulikana kwa herufi zake BCK. Reli kutoka Rodesia ilifika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910. Ilifika Bukama kwenye mto Lualaba mwaka 1918. Na kuanzia mwaka 1923 ilijengwa njia ndefu ya zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, ambayo Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alikuja kuizindua mwaka 1928. Kamina ilizaliwa kwenye njia hiyo, takribani kilomita 600 za reli kutoka Elisabethville, katika uwanda wa juu wenye hewa ya wastani ambako injini ziliweza kutunzwa, kujazwa maji na kubadilishwa. Njia ya Kabalo ilipofunguliwa mwaka 1956 na kuiunganisha reli ya Katanga na ile ya Maziwa Makuu, kituo cha kati kiligeuka kuwa njia panda kamili.

Injini za mvuke zililishwa kuni na makaa ya mawe, na tofauti ya vyakula hivyo viwili ilionekana katika moshi. Kuni za miyombo, zilizokatwa na kupangwa kando ya reli na watu ambao mara nyingi walilazimishwa kazi hiyo, zilitoa moshi uleule wa potasiamu na masizi uliozoeleka katika nchi, ila sasa haukungoja kiangazi. Ulitoka mwaka mzima, mchana na usiku, katika mahali pamoja palipojaa watu. Makaa ya mawe yalileta kitu kingine. Yalichimbwa Luena, katika wilaya ya Bukama, kilomita chache kutoka relini, na yalikuwa makaa yenye majivu mengi, kiasi kwamba kwa kutengenezea koki, yaani makaa yaliyookwa ili kuondolewa gesi na yawe magumu ya kutumika tanurini, wenye viwanda waliendelea kuagiza kutoka Wankie katika Rodesia ya Kusini. Majivu ya makaa ya mawe si kama majivu ya mti: ni silika na alumina iliyoyeyuka ndani ya moto na kuganda hewani kama vipira vidogo vya kioo, na ndani yake hujificha metali kidogokidogo za jiwe lililozaa makaa. Salfa iliyomo hutoka kama dioksidi ya salfa, gesi inayowasha macho na kukaba kifua, ambayo baada ya muda hewani huwa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo ikikutana na amonia itokayo kwenye mifugo, vyoo na mashamba hufanya salfeti ya amonia, chembe nyeupe ndogo sana ambazo hazionekani moja moja lakini huufanya upeo wa macho kuwa na ukungu. Hivyo ndivyo salfa ya madini ilivyoanza kuingia katika hewa ya nchi ya Waluba, ikitoka katika dohani za magarimoshi yaliyokwenda kuchukua shaba.

Ukubwa wa badiliko hilo unaeleweka vizuri zaidi ukitazamwa upande wa pili wa reli, huko Lubumbashi. Tanuri la Union Minière lilitoa shaba yake ya kwanza mwezi Juni 1911, na katika miaka ya mwanzo liliyeyusha madini ya juu ya ardhi, yale ya kijani ambayo mafundi wa kale waliyajua. Katika miaka ya 1920 ulifunguliwa mgodi wa Kipushi, magharibi mwa mji, nao ulitoa madini ya namna nyingine kabisa, yaliyokaa chini sana na ambayo shaba yake ilikuwa imefungamana na salfa, ikichangamana na zinki, risasi, kadimi, aseniki na hata jerimani, metali adimu ambayo baadaye ilitafutwa sana kwa ajili ya vifaa vya elektroniki. Madini kama hayo yakichomwa, salfa hutoka kwa wingi kama gesi; lakini jambo la hatari zaidi hutendeka polepole. Zinki, risasi, kadimi na aseniki huvukiza katika joto ambalo shaba hulivumilia, hupanda na moshi zikiwa mvuke, na mvuke huo ukipoa ndani ya dohani au juu yake huganda kuwa chembe ndogo mno. Ndiyo kusema kwamba tanuri hupanga metali kwa namna ambayo haimfai binadamu: ile yenye bei hubaki chini kwenye sinia, na zile zenye sumu huenda juu katika umbo ambalo mapafu hayawezi kulizuia.

Pepo za kiangazi katika sehemu hiyo huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa Lubumbashi ulisukumwa miaka nenda miaka rudi kuelekea kaskazini-magharibi, juu ya makazi ya wafanyakazi na juu ya misitu iliyo ng'ambo yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji wameonyesha alama iliyobaki ardhini, eneo lenye umbo la pia lililolala chini ya upepo, ambalo miti ilikufa, udongo ukamomonyoka, na katika sehemu zilizoathirika zaidi, kama vile vilima vya Penga Penga, hubaki mimea michache tu inayoweza kustahimili shaba. Sehemu ya salfa ya madini ya Kipushi ilinaswa na kugeuzwa asidi iliyotumika katika viwanda vya Shituru huko Likasi, ambako tangu mwaka 1929 shaba ilitolewa katika maji ya asidi kwa nguvu ya umeme, na jambo hilo linathibitisha kwamba uwezo wa kuinasa salfa ulikuwapo tangu zamani pale ilipokuwa na bei. Ile isiyo na bei iliachwa iende na upepo. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967 na mali yake hatimaye ikawa ya kampuni ya taifa ya Gécamines, lakini dohani, upepo na makazi vilibaki palepale mpaka tanuri lilipodorora na kuzimika katika mporomoko wa miaka ya 1990.

Matokeo yake kwa miili ya watu yalipimwa baadaye sana. Mwaka 2009 kundi lililoongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Leuven, lilichapisha vipimo vya mkojo vilivyoonyesha kwamba watu wanaoishi ndani ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti, aseniki, kadimi, risasi na urani kwa viwango vya juu kuliko watu wa maeneo yasiyo na migodi, na watoto ndio walioathirika zaidi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba metali hizo hazikuingia kwa pumzi peke yake. Chembe zilizotua juu ya mboga, juu ya sakafu na juu ya mikono ya watoto wanaocheza chini ziliingia kwa chakula na kwa kinywa. Mwaka 2018 Banza na wenzake walieleza hali ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu, na vumbi la ndani ya nyumba lilikutwa na kobalti na urani. Chembe ya hewani, kwa hiyo, haimalizi kazi yake inapotua.

Kamina ilikuwa mbali kiasi cha kutofikiwa na moshi mzito wa tanuri hilo, lakini mizigo yake ilipita hapo. Serikali ya kikoloni ilipendelea "njia ya taifa", yaani shaba isafiri kwa reli hadi Ilebo, kwa meli za mtoni hadi Léopoldville, yaani Kinshasa, na kwa reli tena hadi Matadi bila kuvuka nchi ya wengine, na njia hiyo ilimaanisha kupita Kamina. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, urani ya mgodi wa Shinkolobwe iliyonunuliwa na Marekani kwa ajili ya bomu la atomiki nayo ilisafirishwa kwa njia hiyo kuelekea Matadi. Wapakiaji na wafanyakazi wa reli walioishughulikia hawakuambiwa ni nini, na ni haki kulitaja hilo hapa, kwa kuwa vumbi la mizigo ni sehemu ya historia ya hewa sawa na vumbi la dohani.

Badiliko la pili kubwa lilikuwa umeme. Mitambo ya kwanza ya maji ilijengwa na kampuni zilizofungamana na Union Minière kwa ajili ya viwanda vyake: Mwadingusha kwenye mto Lufira mwaka 1930, Koni mwaka 1950, kisha Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba mwaka 1952 na 1956. Umeme ulipozidi, uliingizwa relini. Kipande cha kati ya Likasi na Tenke, kilichoanza kutumia umeme mwaka 1952, kilikuwa miongoni mwa reli za kwanza duniani kuendeshwa kwa volti 25,000 za mkondo geu wa kawaida wa viwandani, mtindo ambao baadaye ulienea Ufaransa na kwingineko, na nyaya hizo ziliendelezwa hatua kwa hatua kaskazini hadi kufika Kamina. Hapo zikakoma. Kuanzia Kamina kwenda Ilebo na kwenda Kabalo garimoshi huvutwa kwa dizeli, na hivyo njia panda ya reli ikawa pia njia panda ya moshi: upande wa kusini injini isiyo na dohani, na upande wa kaskazini na mashariki injini ambayo chembe zake ni kiini cha kaboni nyeusi kilichovikwa mafuta yasiyoungua vyema, salfeti, pamoja na zinki na kalsiamu kutoka katika mafuta ya kulainisha mashine. Mvuke ulipoondoka, majivu ya Luena na kuni za relini viliondoka pamoja nao, na hewa karibu na karakana za mji bila shaka ilipata nafuu.

Lakini nafuu hiyo iliishia kwenye mlango wa nyumba. Umeme uliofika Kamina ulikuwa umeme wa kuvuta shaba, na hata mradi mkubwa zaidi wa baada ya uhuru, njia ya umeme ya Inga–Shaba yenye urefu wa takribani kilomita 1,700 iliyokamilika mwaka 1982, ilivuka nchi karibu yote kutoka mto Kongo hadi Kolwezi ikipita juu ya vijiji na miji ambayo haikuwashiwa hata taa moja. Mpaka leo ni Mkongo mmoja hivi kati ya watano anayepata umeme. Katika mji wa Kamina, kama katika Lubumbashi yenyewe, chakula hupikwa juu ya mbabula, jiko la bati la makaa ya miti, na makaa hayo hutoka kwenye misitu ileile ya miyombo ambayo mhunzi wa Kiluba aliijua, yakichomwa kwenye tanuri la udongo kwa siku nyingi, yakifungwa katika magunia na kuletwa mjini kwa baiskeli na malori. Makaa hupendwa kwa sababu hayatoi moshi mwingi jikoni, na wanawake wanaopika ndani ya vyumba vidogo wana kila haki ya kuyachagua kuliko kuni. Hata hivyo kikemia moshi haukutoweka, bali umehamishwa: wakati magogo yanapookwa chini ya udongo, zaidi ya nusu ya uzito wake hutoka kama mvuke, lami, gesi na chembe za kikaboni, hivyo mji hubakiwa na monoksidi ya kaboni na majivu membamba, nao wachomaji wa makaa, walioko maporini ambako hakuna anayewaona, hubaki na sehemu iliyo mbaya zaidi.

Kuhusu barabara maneno machache yatatosha. Petroli yenye risasi ilitumika karibu Afrika nzima kusini mwa Sahara mpaka serikali zilipokubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiacha, na ilipofika Januari 2006 ilikuwa imeondolewa karibu kila mahali. Kwa hiyo risasi iliyomo katika vumbi la kando ya barabara za Kamina ni ya enzi iliyokwisha, kwani metali haiozi. Pikipiki na jenereta zimeongeza kaboni ya mafuta. Ardhi yenyewe, udongo mwekundu wa Katanga wenye oksidi za chuma na madini ya alumini yaliyosazwa na mvua za maelfu ya miaka, huinuliwa na magurudumu kila kiangazi kwenye barabara zisizo na lami. Uzito wa chembe hizo za udongo usidharauliwe kwa sababu ni za asili: huko Nairobi, ambako sampuli zilikusanywa kati ya mwaka 2008 na 2010, vumbi la ardhi na moshi wa magari kwa pamoja vilifanya karibu robo tatu ya chembe ndogo zilizopimwa.

Tofauti ya kikemia kati ya Kamina na miji ya shaba imekuwa pia tofauti ya kutazamwa. Kobalti, urani na kadimi vimevuta maabara, ufadhili na waandishi hadi Lubumbashi na Kolwezi, na ilikuwa haki vivutwe, kwa kuwa watu wa huko walidhurika. Kaboni na udongo, ambavyo ndivyo vijazavyo hewa ya Haut-Lomami, havina soko wala kashfa, na utafiti, kama umeme ulivyofanya kabla yake, ulizifuata metali. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani hakifanyi ubaguzi huo. Mwongozo wake wa mwaka 2021 ulishusha kiwango cha wastani wa mwaka cha chembe ndogo kutoka maikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa kuhesabu uzito wote bila kuuliza elementi, na vifaa vilivyowekwa Kinshasa kabla ya hapo vilikuwa vimeonyesha wastani wa zaidi ya maikrogramu 40 katika jiji ambalo halina tanuri hata moja la shaba. Mwongozo huohuo uliongeza maelekezo kuhusu aina tatu za chembe ambazo bado hazijawekewa kiwango lakini ambazo nchi zinatakiwa kuanza kuzipima na kuzipunguza: chembe ndogo kupita kiasi, kaboni nyeusi, na vumbi linaloinuliwa na upepo.